Shangingi la Zamani: Ufanye Nini Mwenyewe, Umwachie Fundi Nini

Kila minada ya korosho ikishapita na malipo yakaingia, swali ni lile lile, kutoka Malolo, Ruangwa mjini, Nachingwea hadi Liwale: "Nimepata VX ya zamani kwa bei nzuri. Nitaweza kuitunza huku, au nimejinunulia mgonjwa?" Wengine wamelichukua kwenye mnada wa magari ya serikali, likiwa bado na alama ya namba za STK mlangoni. Wengine wameachiwa na mzee. Wengine wamelipata Dar es Salaam kwa mtu aliyechoka kulilisha mafuta.

Jibu ni kwamba utaweza, na sehemu kubwa ya kazi utaifanya kwa mikono yako chini ya mkorosho. Sharti ni mpangilio. Anza na vinavyolinda injini na breki, starehe zifuate. Wengi huanza na redio yenye kioo kikubwa na rimu za kung'aa, halafu mwezi wa pili gari limechemsha njiani kuelekea Nanganga na pesa ya gasketi haipo.

Ninazungumzia hasa Land Cruiser 80 (zile za miaka ya 1990 hadi 1997), Land Cruiser 100 (1998 hadi 2007) na Prado za 90 na 120, maana ndizo nyingi barabarani kwetu. Mwenye Range Rover au Discovery ya zamani asiiweke makala hii pembeni: habari za vumbi, joto na umeme zinamhusu vilevile, ila spea zake atazihangaikia zaidi.

## Kabla ya spana, lijue gari lako

Fungua boneti utafute kibati cha chuma chenye maandishi. Piga picha uihifadhi kwenye simu. Hapo pana namba ya chesisi, alama ya modeli, aina ya injini na namba ya rangi. Bila kibati hicho utanunua spea za gari la jirani.

Hakikisha unajua haya:

- Injini. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. 1HD-T na 1HD-FT ni ndugu zake wenye turbo kwenye 80. 1HD-FTE ya kwenye 100 inaongozwa na kompyuta. 1KZ-TE (lita 3.0) ipo kwenye Prado nyingi za 90, na 1KD-FTV kwenye Prado za 120. 1FZ-FE na 2UZ-FE ni za petroli.
- Umeme wa stata. Baadhi ya VX za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina betri 2 na stata ya volti 24, ingawa taa na vitu vingine vyote vinatumia volti 12. Soma kibandiko cha stata yenyewe kabla ya kuagiza nyingine. Stata ya volti 12 ukiifunga humo itaungua.
- 4WD ya kudumu au ya kuweka. VX nyingi za 80 na 100 zinavuta miguu yote 4 muda wote. Gari la namna hii halipendi tairi za vimo tofauti. Ukiweka mbili mpya kubwa nyuma na kuacha ndogo mbele, difu ya katikati inafanya kazi isiyo yake mpaka inakufa.
- Kilometa. Usiamini zile za kwenye dashibodi. Gari la zaidi ya miaka 20 limepita mikononi mwa watu wengi. Kilichobadilishwa lini kama hukijui, hesabu kwamba hakijabadilishwa.

## Vifaa vya kuanzia

Huhitaji gereji nzima. Nunua vichache vizuri:

- boksi spana ya namba 8 hadi 24, na spana ringi za 10, 12, 14, 17 na 19, maana Toyota hupenda sana namba hizo
- spana ya toki, ile inayoonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani
- jeki imara na stendi 2 za chuma
- multimita ya kupimia umeme, hata ya bei nafuu
- pampu ya grisi ya mkono
- brashi ya waya, msasa, bisibisi na plaizi
- daftari

Daftari hilo ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Andika tarehe, kilometa, ulichofanya, na namba ya spea. Siku ukiuza gari, mnunuzi makini atalipenda kuliko rangi mpya.

## Sheria zisizobembelezwa

1. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Land Cruiser ina tani mbili na zaidi. Weka stendi, weka jiwe au gogo kwenye tairi zilizobaki chini, kisha litikise kwa mkono kabla ya kulala chini yake.
2. Udongo wetu mwekundu ukilowa unazama. Chini ya jeki na stendi weka ubao mpana.
3. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata kama una haraka.
4. Ukifungua betri, anza na nyaya za hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.
5. Waya zilizofunikwa kwa plastiki ya njano chini ya stelingi na dashibodi ni za mifuko ya hewa. Usizipime, usizikate. Kama kazi yako iko karibu nazo, ondoa betri usubiri angalau sekunde 90 kwanza.
6. Ukimaliza kazi ya breki, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Wapo wanaosahau hili, wanawasha, wanarudi nyuma, na breki ya kwanza inashuka hadi kwenye zulia.

## Vumbi

Kati ya mwezi wa 6 na wa 11 barabara zetu za udongo zinatoa vumbi laini kama unga. Likipita kwenye filta likaingia kwenye silinda, linasaga pete za pistoni kama msasa, na moshi wa buluu utakaouona mwakani ulianzia hapo.

Fanya hivi:

- Fungua nyumba ya filta ya hewa. Kwanza usitazame filta. Ingiza kidole kwenye bomba linalokwenda kwenye injini, *baada* ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali linapita pembeni: mpira wa filta umekauka, klempu imelegea au bomba limepasuka. Ziba hapo kabla ya kununua chochote.
- Filta ya karatasi pulizia upepo kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo. Usiipige kwenye tairi. Karatasi hupasuka mahali usipopaona.
- Ishike uitazame juani. Ukiona vitundu vya mwanga, itupe. Imekuwa nyeusi ya mafuta? Itupe pia.
- Safisha kikombe cha vumbi chini ya nyumba ya filta kama gari lako linacho.

Msimu wa kupulizia mikorosho ongeza umakini. Magunia ya salfa yasipakiwe ndani ya gari, hata kama nafasi ipo. Vumbi lake likikutana na unyevu linakula shaba kwenye soketi za umeme, na kwenye siti za ngozi halitoki kirahisi.

Snokeli, lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo, ni nyongeza ya maana kwetu kwa sababu inachukua hewa ya juu yenye vumbi kidogo. Lakini ifungwe kwa silikoni kila kiungo. Ninaziona nyingi zilizofungwa kwa ajili ya sura tu: bomba liko nje, huku ndani ya fenda kiungo kiko wazi kinanyonya vumbi la tairi.

## Joto: hapa ndipo mashangingi yanapofia

Ukisoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hii. Prado za 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi zikichemsha. 1HZ ni ngumu zaidi, lakini nayo ina mwisho.

Kosa la kwanza: kutoa themostati. Fundi atakuambia, "Bosi, huku kwetu joto, hii tunaitoa." Mkatalie kwa upole. Kwenye injini za 1HZ na 1HD themostati ina kazi mbili: inafungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji haipiti kabisa kwenye rejeta. Ukipanda mlima na mzigo, gari linachemsha kwa sababu ya kile ulichoambiwa kinazuia kuchemsha.

Kuipima ni rahisi. Itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji, weka jikoni. Inapaswa kuanza kufunguka kwenye joto lililoandikwa juu yake (mara nyingi 76 au 82) na kuwa wazi kabisa kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine. Unapoirudisha, kile kivali kidogo kinachochezacheza kiwe upande wa juu ili upepo upate pa kutokea.

Kosa la pili: maji ya bomba au ya kisima. Maji ya visima yana chumvi, chumvi inajenga ukoko ndani ya rejeta, na chuma kinaota kutu. Tumia kulanti. Kama ni ile ya kuchanganya, ichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi.

Kubadilisha kulanti, hatua kwa hatua:

1. Injini ipoe kabisa, bora asubuhi.
2. Fungua kifuniko, kisha kibomba cha chini ya rejeta na bolti ya kutolea maji kwenye bloku. Kinga beseni, kwa sababu kulanti ni sumu yenye utamu, mbuzi na mbwa huinywa.
3. Pitisha maji safi mpaka yatoke meupe.
4. Bonyeza kila hozipaipu. Iliyolainika kama ndizi mbivu au iliyopasuka nyufa ndogo karibu na klempu, ibadilishe leo.
5. Jaza polepole, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo kwenye mteremko, na hita ya ndani ikiwa kwenye joto la mwisho.
6. Washa bila kufunga kifuniko, acha iungurume mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Ongeza, funga.
7. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia tena.

Rejeta yenyewe ioshe kwa maji ya mpira kutoka upande wa injini kwenda nje. Kati ya rejeta na kondensa ya AC hujaa mbegu za majani, mabawa ya wadudu na vumbi lililogandamana. Usitumie ile mashine ya presha kali ya car wash kwa karibu, inalaza mapezi ya alumini.

Halafu feni. Injini ikiwa imezimwa na ina joto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi kama pangaboi, klachi yake imekwisha. Wapo mafundi wanaichomelea ishikane moja kwa moja. Itapoza, ndiyo, ila itakula mafuta, itapiga kelele, na siku ukivuka maji ya kina inaweza kujipinda na kukwangua rejeta. Nunua klachi nyingine.

## Dizeli ya kwenye dumu

Kituo kikiwa mbali tunanunua dizeli ya dumu, tusidanganyane. Basi chukua tahadhari. Iache itulie, mimina kupitia kitambaa kizito kisichotoa nyuzi, na usimimine mpaka tone la mwisho.

Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha kutolea maji. Kilegeze kila unapofanya servisi, na kila taa ya filta ikiwaka. Acha itoke mpaka ije dizeli tupu. Ukibadilisha filta, jaza kwa ile pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu, ndipo upige stata. Kupiga stata dakika nzima huku mfumo una upepo kunaua stata na betri kwa mpigo mmoja.

Mwenye 1HZ ana nafuu, injini hiyo inavumilia. Mwenye Prado ya 1KD-FTV asicheze kabisa na dizeli ya dumu, nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa mno na uchafu kidogo unaziharibu. Injini hiyo ina ugonjwa mwingine wa kuangalia: wosha za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la ndani ya sampu. Ukisikia mlio wa "chaf-chaf" asubuhi, au oili inakuwa nzito kama lami muda mfupi baada ya kubadilishwa, mpelekee fundi anayezijua hizo injini. Hiyo si kazi ya chini ya mkorosho.

## Chini ya gari

Breki: toa tairi, tazama unene wa pedi. Zikibaki milimita 3, badilisha. Safisha pini za kalipa na uzipake grisi inayostahimili joto. Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4 peke yake. Oili ya aina nyingine yoyote inavimbisha mipira, na utabadilisha mfumo mzima.

Grisi: propela shafti za Land Cruiser zina nipo za grisi. Futa vumbi kwenye nipo kwanza, ama sivyo unasukumia mchanga ndani. Kwenye krosi piga mpaka grisi mpya ichungulie. Kwenye kile kiungo kinachoteleza, acha mara shafti inapoanza kujisukuma. Ukizidisha, inasukuma beringi.

Land Cruiser 80 ina ekseli nzima ya mbele. Chungulia nyuma ya tairi za mbele. Ukiona mchuzi mweusi wa oili na grisi unachuruzika kwenye lile bonge la duara, sili ya ndani imekwisha na oili ya difu inaosha grisi ya viungo. Unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na siku nzima, boksi ya milimita 54 ya nati za beringi, na mtu aliyewahi kuifanya kando yako. Usiianze Jumapili jioni ukiwa na safari Jumatatu.

Nati za rimu nazo zina mtego. Rimu za alumini za Toyota zinatumia nati ndefu yenye wosha bapa, rimu za chuma zinatumia nati yenye ncha ya pia. Ukizichanganya hazikai, na tairi inaweza kuchomoka.

Nyongeza nafuu kuliko zote: mipira ya kupumulia difu. Vuta mpira kutoka kwenye kipumulio cha kila difu hadi juu ndani ya boneti, mwishoni weka filta ndogo. Wanaovuka vijito kuelekea mto Mbwemkuru wakati wa masika wanajua kwa nini: difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi inanyonya maji hayo. Oili ya difu ikiwa kama chai ya maziwa, imekwisha kunyonya.

## Umeme: kabla ya kununua, safisha

Nusu ya "magonjwa ya kompyuta" ninayoulizwa ni arthi chafu. Dalili zake: ukiwasha indiketa taa kubwa zinapepesa, vioo vinapanda kwa kusuasua, geji ya joto inaruka ukiwasha taa.

Fuata waya nene kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini na kwenye bodi. Fungua bolti, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, rudisha, paka grisi kwa juu. Fanya vivyo hivyo kwenye vichwa vya betri. Kazi ya saa moja.

Taa hafifu. Usikimbilie balbu za LED. Pima volti kwenye betri injini ikiwa inaunguruma, kisha pima kwenye soketi ya balbu taa zikiwa zinawaka. Tofauti ikizidi volti 1, umeme unapotelea kwenye swichi na waya nyembamba za zamani. Dawa ni relei 2, moja ya mwanga mfupi, moja ya mrefu, waya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, na fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. Balbu za kawaida zitawaka utazishangaa.

Angalizo: kwenye Land Cruiser hizi swichi ya taa inakata upande wa arthi, si upande wa chanya. Fundi umeme asiyejua hilo atafunga relei kinyume, atachanganyikiwa, kisha ataanza kukata waya. Mwambie mapema. LED za kichina kwenye kioo kilichotengenezwa kwa balbu ya kawaida zinatawanya mwanga, wewe unaona majani ya pembeni na mwenzako wa mbele haoni chochote. Sizipendi, na sioni aibu kusema hivyo.

Redio. "Mbona redio yangu haishiki stesheni zetu?" Kwa sababu redio za Japani za enzi hizo zinaishia FM 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Kuna kifaa kidogo kinachounganishwa kwenye waya wa antena kuhamisha masafa, lakini sauti yake huwa na mikwaruzo. Afadhali redio mpya. Nunua pamoja na soketi ya kuunganishia ya Toyota, isiyohitaji kukata waya wowote. Na usichukue umeme wa kudumu mahali ovyo. Redio inayobaki macho usiku itakuachia betri tupu alfajiri.

## Starehe

- Vioo vinavyopanda polepole: mara nyingi mota ni nzima. Osha mipira ya kupitishia kioo kwa maji na sabuni, ikauke, pulizia silikoni. Grisi na oili huganda na vumbi, hali inakuwa mbaya zaidi.
- Siti za ngozi: sabuni laini, kitambaa chenye unyevu, kisha krimu ya ngozi. Mafuta ya kupikia hapana, ingawa wapo wanaoyapaka.
- Taa zilizofifia kwa njano: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arisha, na mwisho rangi safi ya kuzuia jua. Bila hiyo ya mwisho njano itarudi haraka.
- Maji miguuni kwa abiria wa mbele: bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Lizibue kwa upepo kutoka chini.
- AC isiyopoza: safisha kondensa, angalia feni na belti. Gesi usiiguse, magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R12, ya baadaye R134a, na hazichanganywi.

Kuna Land Cruiser 100 zenye mfumo wa AHC, gari linajiinua na kujishusha kwa kitufe. Likianza kuruka kama mkokoteni, yale matenki madogo ya gesi kwenye miguu yamekufa. Yanauzwa, kwa bei ya kuumiza, na mafuta yake ni maalumu. Ukiweka ya pawa stelingi umeharibu. Kwa barabara zetu ningeutoa mfumo huo kabisa nikafunga springi za kawaida na shokapu nzito. Hilo ni pamoja na kubadilisha springi za nyuma na zile fito za mbele, maana za AHC ni laini na haziwezi mzigo peke yake. Kwa gari lenye AHC stendi ni lazima zaidi, kwa sababu linaweza kushuka lenyewe ukiwa chini.

## Mwachie fundi

- Taiming belti. Dizeli zote nilizotaja zinaitumia, na taa ya T-BELT huwaka kilometa zikitimia, kwa nyingi kila 100,000. Wauzaji wengine huizima bila kubadilisha belti. Kama hakuna uthibitisho, ibadilishe pamoja na tenshona yake. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni. Nunua belti wewe mwenyewe, simama hapo ikifungwa, na andika kilometa kwenye daftari.
- Pampu ya dizeli na nozeli.
- Geabox ya otomatiki kwa ndani. Kazi yako ni kupima oili yake tu, injini ikiwa inawaka na ina joto, baada ya kupitisha gea zote, na kuweka aina inayotajwa kwenye kitabu au kijiti.
- Stata ya 2UZ-FE, ambayo imefichwa chini ya manifoldi ya kuingizia hewa.
- Kuchomelea chesisi.

## Mnayoniuliza kuhusu spea

*"Mpya au mtumba?"* Vya breki, belti, sili, filta, themostati: vipya, bila mjadala. Mlango, kioo, taa nzima, mota ya kioo, siti: mtumba wa Japani au Dubai ni sawa, na mara nyingine ni bora kuliko kipya feki.

*"Nitatambuaje feki?"* Kwa kweli boksi peke yake halitoshi siku hizi. Agiza kwa namba ya spea, si kwa jina. Dai picha ya spea yenyewe ikiwa nje ya boksi kabla hujatuma pesa kwa simu, tena picha ya upande wenye namba. Ukiwa na ndugu Dar, aende Kariakoo na ile ya zamani mkononi.

*"Injini inakula mafuta, nifunge ndogo?"* Kabla ya kufikiria hivyo pima upepo wa tairi, breki zinazoshika, filta na themostati. Injini ndogo kwenye gari zito inakanyagwa mpaka mwisho muda wote, na haibani kama unavyotarajia. Ukibadilisha injini, kadi ya gari nayo inatakiwa kurekebishwa TRA. Hata ukibadilisha rangi.

*"Si bora nimlipe fundi kila kitu?"* Mlipe, ukiweza. Lakini fundi mzuri yuko Masasi au Lindi, na gari litaharibika ukiwa Malolo. Anayejua lake anampigia simu akisema "volti kwenye soketi ni 11, kwenye betri ni 14", na fundi anamwelekeza hapo hapo.

## Vya kubaki garini, hasa masika

Mwezi wa 5, 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na mabasi yanayotuletea vifurushi yakakwama. Anayengoja kitu kiharibike ndipo aagize angoje pia barabara. Kwa hiyo chini ya siti ya nyuma viwepo:

- hozipaipu za rejeta, ya juu na ya chini, na klempu 4
- fenbelti za akiba
- filta ya dizeli moja
- fyuzi za kila namba, relei moja, balbu za taa
- kulanti lita 5 na oili ya injini lita 2
- waya wa mita chache, tepu, plaizi
- nati 2 za rimu za aina sahihi, na spana ya rimu ambayo umeijaribu kwenye nati zote, pamoja na ya tairi la akiba